Matundu Mia ya Mzee Sumaili

Kwa miaka arobaini Sumaili aliuza shaba kwa maneno yale yale. Ukisimama mbele ya kibanda chake katikati ya mji wa Lubumbashi, hata kama umesimama tu kufunga kamba za viatu, ataweka nyundo chini, atafuta karai kwa mkono wa shati, na ataanza. Shaba haiozi. Shaba utaiacha kwa wajukuu. Weka maji ndani ya karai la shaba, urudi baada ya juma zima: harufu hakuna, utelezi hakuna, na ukungu hauthubutu kuota humo. Na plastiki je? Hapo Sumaili hukunja uso kama mtu aliyetiwa ndimu jichoni, kisha husema kwamba heshima inamzuia kujibu.

Ufundi aliupata kwa baba yake, mtu wa Maniema aliyeshuka Katanga na nyundo tatu na mke mmoja, na akafa akiwa na nyundo zile zile tatu na wake wawili. Mikononi mwa Sumaili zilitoka picha za shaba za kutundika ukutani: tembo, wanawake wanaotwanga, na ramani ya Kongo ambayo kila mara Katanga ilitoka kubwa kidogo kuliko haki yake. Lakini fahari yake ilikuwa makarai. Kazi iliyomridhisha aliigonga nyota ndogo ya pembe tano upande wa nyuma. Isiyomridhisha aliiuza pia, maana lazima watu wale, ila bila nyota, na ukimrudishia kulalamika atakutazama usoni na kukana kwamba aliwahi kuiona.

Mkewe Asha hakuwa na hotuba. Alikuwa na mikono. Watu wa mtaa wao wa Hewa Bora humwita Mama Ramla, kwa jina la binti yao aliyeolewa Kasumbalesa, na kwa miaka kumi na tisa aliosha vyombo vya kioo katika maabara ndogo ya utafiti wa kilimo. Aliviosha hivyo hivyo hadi siku alipofika Elisée, injinia kijana wa kilimo mwenye miwani na chupa ya vumbi la kijani, akamwambia aache kuosha kwanza aje aone.

Vumbi lile lilikuwa mbegu za kuvu, na kuvu ile ilikuwa na adui mmoja tu wa kupigana naye, kiwavi jeshi. Ieleweke kwamba watu wa mji huu hawana ugomvi na viwavi kwa jumla. Vinkubala, wale viwavi wa porini wa kula, hukaangwa kwa chumvi na kitunguu na sahani hurudi tupu. Lakini huyu mwingine huingia katika moyo wa mhindi ungali mchanga, akala majani kabla hayajafunguka, na bila mahindi hakuna bukari, ugali wa huku, na bila bukari hakuna mtu wa Lubumbashi atakayekubali kwamba amekula. Kuvu ya Elisée huota mwilini mwa kiwavi huyo, humla kutoka ndani na kumwacha mkavu juu ya jani, mweupe kwanza, kisha wa kijani. Mtu haimgusi, wala kuku.

Tatizo ni kwamba ukiimwaga shambani hivi hivi, jua huiua kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo lazima ivalishwe. Unachanganya mbegu na pumba kidogo za mahindi, ziwe chakula cha safari, unazitia katika uji mzito wa unga wa mwani wa baharini, na uji huo unaudondosha tone kwa tone ndani ya maji yenye chumvi ya chokaa. Tone likigusa maji hayo linashikana papo hapo, linakuwa ushanga laini wa mviringo. Unazichuja shanga, unazikausha kivulini, na kuvu inalala ndani. Ukiutumbukiza ushanga katika moyo wa mhindi na mvua ikaulowesha, kuvu inaamka, inatoka nje, na inaanza kumtafuta mwenyeji wake, kiwavi.

Elisée alikuwa na diploma mbili, lakini matone yake yalitoka na mikia kama viluwiluwi. Ya Asha yalitoka mviringo tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekaanga mikate ya mviringo mlangoni kwake kwa miaka mingi kabla ya maabara, na kitu kinachodondoka alikijua tabia yake. Kuanzia hapo vyombo vya kioo vilioshwa na mwingine.

Msimu huo wa mvua jaribio kubwa lilikuwa la Mama Brigitte, kiongozi wa wanawake wanaolima mahindi njia ya Kasumbalesa. Mwaka uliotangulia viwavi jeshi walikula theluthi nzima ya mahindi yake, naye alikuwa mwanamke asiyesahau. Alikuja nyumbani kwa Asha Jumamosi moja, akaketi, akakataa chai.

“Mama Ramla, mbele ya yote uniambie. Hii kuvu yenu itakula na vinkubala? Juu kama itakula vinkubala, mi siko ndani.”

“Vinkubala biko mu pori, mama, ku miti. Hii tunaweka mu mahindi tu.”

“Bon. Nusu ya shamba sitatia dawa. Nakuachia weye. Jumamosi ya wiki mbili nakuya kubeba ile bushanga. Kama haiko tayari, natia dawa fasi yote, na musinifuate tena.”

“Itakuwa tayari,” Asha alisema. Sumaili, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia kwa kisingizio cha kutafuta ufunguo, alishangaa. Mkewe alikuwa mtu wa kusema “tutaona”. Hakuwahi kumsikia akitoa ahadi kavu namna ile, tena kwa mtu mwenye sauti ya Mama Brigitte.

Shanga zilizohitajika zilikuwa elfu ishirini. Asha alizitengeneza kwa bomba la sindano, akisukuma kwa kidole gumba, tone, tone, tone, na ilipofika Jumatano alikuwa na elfu nne kwenye mtungi wa kioo na kidole kilichovimba, na uvimbe ukapanda mkononi hadi pete ya ndoa ikabidi ivuliwe. Jioni hiyo hakuweza kushika mwiko. Sumaili alisonga bukari mwenyewe. Ilitoka na mabonge, wakaila hivyo hivyo, na kila Asha alipokunja kidole kile Sumaili alisikia uchungu kifuani mwake yeye.

“Unasukuma moja moja, mpaka elfu ishirini?” aliuliza.

“Sasa namna gani ingine iko?”

Alhamisi na Ijumaa kibanda cha Sumaili hakikuuza kitu. Alichukua bamba la shaba alilokuwa akilitunza tangu zamani, shaba nyekundu safi, akalifua likawa sinia lenye ukingo mrefu, na chini yake akatoboa matundu mia moja, safu kumi za matundu kumi, kila moja limelainishwa ndani ili tone lisishike. Kisha akafua karai pana la kuketi chini ya sinia hilo na kupokea matone. Vyote viwili alivigonga nyota. Jumamosi aliviweka mezani mbele ya mkewe, akasogea dirishani na kujifanya anaangalia njiani.

Asha alivigeuza, akaona nyota, akapitisha kidole kilichovimba juu ya matundu. Alilia kidogo. Alisema ni moshi wa makaa, ingawa mbabula, lile jiko lao, ulikuwa haujawashwa.

Maabara haikuwa na umeme mwisho wa juma hilo, basi Asha alibeba uji wake na mbegu zake akafanyia kazi nyumbani. Matone yalinyesha mia kwa mara moja. Jumapili jioni zilikuwa shanga elfu kumi na sita, mviringo, ngumu kuliko zile za kwanza, na zilizolala kwenye karai tangu Jumamosi zilikuwa na rangi ya kijani nyororo ajabu. Wote wawili walizitazama kwa furaha. Katika mji uliokua juu ya shaba, ambako watoto huokota malakiti, yale mawe ya kijani ya shaba, na kuyafikisha nyumbani kama yai, nani atauona ukijani na kudhani ni habari mbaya? Hata Elisée, Jumatatu asubuhi, alisifu. Mbegu za kuvu yake zenyewe ni za kijani. Aliona shanga zimejaa mbegu hadi zinang'aa, na hakuuliza zilifanyiwa ndani ya chombo gani.

Kawaida ya maabara ni kujaribu. Asha aliweka shanga kumi za mtungi wa kwanza juu ya pamba mbichi katika kisahani kimoja, na kumi za kijani katika kisahani kingine. Jumatano, shanga za kwanza zilikuwa zimeota manyoya meupe. Zile za kijani zilikuwa vipara vitupu. Elisée aliweka tena matone ya maji, akabadilisha pamba, akavua miwani. Alisema labda ni joto, labda ni maji ya kisima, labda mbegu zimezeeka. Akasema kesho angempigia Mama Brigitte simu atie dawa yake, maana kumdanganya hatamdanganya.

Asha alipita kibandani na visahani viwili ndani ya kikapu. Alimwonyesha mumewe, kwa sauti ya chini kabisa.

“Hii ni ya mbele, iliota. Hii ingine yote ilisha kufa. Elfu kumi na sita.” Alifunika visahani. “Nazani ni mikono yangu, Baba Ramla. Mi njo nilifanya. Labda sikunawa muzuri. Miaka yote naosha byombo bya bantu, na mikono yangu mwenyewe...”

Asha alielekea nyumbani, mabega yameshuka, na Sumaili alibaki na nyundo mkononi, akiwa na hasira na kitu asichokijua. Mikono ile ndiyo iliyompikia miaka yote ya ndoa yao. Haikuwahi kuwa michafu hata siku moja.

Ndipo alipotokea mteja, mama mmoja wa Makomeno mwenye miwani ya jua, akagusa karai kwa ukucha. Sumaili aliweka nyundo chini. Mdomo ulianza wenyewe, moyo ukiwa kwingine. Shaba haiozi, mama. Shaba utaiacha kwa wajukuu. Weka maji humo, urudi baada ya juma zima: harufu hakuna, utelezi hakuna, na ukungu...

Alilitazama karai.

“Na ukungu?” mama alisema. “Endelea, papa. Kisha kuna ya plastiki. Ile njo napenda.”

Sumaili alimtazama kana kwamba amemwona tembo wa kwenye picha akishuka ukutani. Siku mbili shanga zimelala ndani ya maji ya chumvi, ndani ya karai lake. Chumvi imeilamba shaba, na shanga zimeinywa shaba hiyo hadi zikawa za kijani. Na kilichokuwa ndani ya shanga ni kitu gani, kama si ukungu? Miaka arobaini anawaambia watu, bila kuulizwa, kwamba shaba huua ukungu. Ameuambia mji mzima. Kisha ameichukua kuvu ya mkewe akailaza humo, na kugonga nyota juu yake.

Alifunga kibanda saa tisa mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi ya baba yake. Njia nzima alitembea kwa miguu, na nusu ya kwanza ya njia, tuseme kweli, alijaribu kutafuta mlango wa kutokea. Elisée mwenyewe alikuwa ameshataja joto. Maji ya kisima hayana mwenyewe wa kukasirika. Hakuna mtu angejua. Karai lingebaki karai, nyota ingebaki nyota, na wateja wangeendelea kusikia hotuba yao. Ni Asha tu ambaye angelala kila siku akiamini kwamba mikono yake ndiyo iliyoua. Alipofika kona ya Hewa Bora, Sumaili alijionea aibu hadi masikio yakapata moto. Alisimama kwa muuza mafuta ya mawese, akaomba bidoni moja tupu ya njano, dumu la plastiki, na akaibeba hadharani, wazi, mbele ya majirani wote.

Asha alikuwa ameketi uani, mikono magotini.

“Mama Ramla,” alisema, “si mikono yako. Ni shaba yangu.”

Alimweleza yote akiwa wima, bidoni mkononi. Asha alisikiliza bila kupepesa. Kisha akaingia ndani, akatoka na karai, akaligeuza akaitazama ile nyota, akalirudisha chini polepole, kama anaogopa kuliumiza.

“Miaka makumi tatu na tano,” alisema mwishowe, “nasikia ile hotuba. Mu nyumba, mu ndoa ya batu, hata ku kilio. Na mi pia sikuisikia.” Mdomo ulianza kumcheza pembeni. “Ukungu hauthubutu, Baba Ramla.”

“Hauthubutu,” Sumaili alikubali kwa unyonge, na hapo Asha alicheka hadi akashika mbavu, na Sumaili, aliyekuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kicheko, aliketi juu ya bidoni akacheka naye. Alikuwa amepona kitu ambacho hakikuwa na jina. Asha alimpigia Elisée simu, na injinia akasema kwa Kifaransa kwamba yeye ni mjinga, kwamba dawa ya shaba dhidi ya ukungu wa majani ndiyo somo la kwanza kabisa walilofundishwa, na kwamba nusu ya mbegu bado ipo kwenye chupa. Mama Brigitte asipigiwe simu kwanza.

Ilibaki kuigeuza bidoni kuwa sinia la matundu, na plastiki haikumhurumia Sumaili. Msumari uliichana. Sindano ya moto ilitoboa vizuri lakini iliacha ukingo wa nundu, na tone likipita kwenye nundu linatoka na mkia. Aliharibu chini ya bidoni ya kwanza, akaagiza ya pili. Akachukua patasi yake nyembamba kuliko zote, ile ya kuchorea kope za tembo, akaipasha kidogo kwenye mbabula, akatoboa, akazungusha, akalainisha kwa unyoya wa kuku. Safu kumi za matundu kumi. Alinuna muda wote. Lakini mikono haikujua kwamba imenuniwa, na ilifanya kazi yake sawasawa.

Alhamisi alfajiri matone yalinyesha tena, mia kwa mara moja, juu ya beseni la plastiki la kufulia. Shanga zilitoka nyeupe, za kawaida, hazina mng'ao wowote. Ijumaa zilikauka kivulini. Asha alikuwa ameweka kumi kwenye pamba Alhamisi hiyo hiyo, na muda wa kungoja manyoya ulikuwa mfupi mno.

Jumamosi Mama Brigitte alifika maabara na ndoo, saa mbili kamili. Elisée aliinua kisahani, akakigeuzia dirishani. Asha alikichukua kwake, akakiinamisha zaidi. Kwenye ushanga mmoja, kisha mwingine, kisha wote kumi, palikuwa na kitu chembamba kama vumbi la unga kwenye kope. Sumaili, aliyesimama mlangoni kwa kisingizio cha kumletea mkewe chakula saa mbili asubuhi, alihesabu mara mbili.

“Iko tayari?” Mama Brigitte aliuliza.

“Nilikuambia itakuwa tayari,” Asha alisema, na akamimina shanga ndani ya ndoo.

Mwezi wa kwanza Mama Brigitte aliwaita shambani. Nusu yake ya shanga haikuwa paradiso. Majani yalikuwa na matobo hapa na pale, na pembezoni kiwavi mmoja mmoja bado alikuwa akitafuna kwa raha. Lakini mioyo ya mahindi ilikuwa mizima, mahindi yalikuwa yamempita Sumaili kimo, na ukifunua jani ungemkuta kiwavi amekauka, amevaa kanzu ya kijani. Mama Brigitte alimwokota mmoja kwa ncha za vidole, akamtazama kwa ridhaa kubwa. Alisema mwakani anataka za shamba zima, na wenzake kumi na wawili wanataka pia. Akauliza nani hutengeneza kile chombo cha kunyeshea, maana Elisée amemsimulia. Sumaili aliangalia mawingu. Alisema ni bidoni tu, mama, bidoni yoyote.

Asha alimsikia.

Siku hizi karai la shaba linakaa jikoni kwao na maji ya kunywa ndani yake, maji safi ajabu. Hotuba ya kibandani bado ipo, ila imeongezeka mwisho. Mtu akiuliza na plastiki je, Sumaili hakunji uso tena. Anasema inategemea, mama: unataka kuua ukungu ama unataka kuulea?

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya kutoka shambani, Asha aliweka bidoni ya njano mezani, chini juu, na pembeni yake akaweka kile chuma kidogo cha kugongea nyota. Alikuwa amekipasha moto tayari.

“Tia,” alisema.

“Mama Ramla, ni plastiki.”

“Mi sitapeleka ku batu kitu bwana yangu anakikana.”

Sumaili aliivuta bidoni karibu. Aliyatazama matundu mia, akapitisha kidole juu yake kutafuta nundu, hakuipata hata moja. Akachukua chuma, akakikandamiza. Plastiki iliyeyuka kidogo, na pembe moja ya nyota ikatoka ndefu kuliko nyingine. Alitaka kuisahihisha, lakini Asha alikuwa ameshaichukua bidoni yake na kuikumbatia.